Mrututu: Dawa ya kwato inayoweza kuua kondoo na kumdhuru mtoto

Masika yakishika kasi, banda la ng'ombe hubadilika sura. Sakafu iliyokuwa kavu Januari inageuka tope la samadi na mkojo. Ng'ombe wa maziwa aliyezoea kuinuka mara tu anaposikia ndoo ikigongwa sasa anainuka kwa shida, mguu mmoja wa nyuma ukigusa chini kwa ncha tu. Maziwa yanapungua, na wakati wa kukamuliwa anarusha teke. Wafugaji wengi wanajua hatua inayofuata: mtu anatumwa dukani kuleta mrututu.

Mrututu ni zile chembe za bluu iliyokolea zinazofanana na chumvi ya mawe. Jina lake la kitaalamu ni salfeti ya shaba, na kwenye baadhi ya maduka ya pembejeo huitwa kopa salfeti. Si kitu kigeni. Kamusi za zamani za Kiswahili zinautaja kama dawa ya madonda, na wakulima wa kahawa wamekuwa wakipulizia dawa za jamii hiyo ya shaba kwa miaka mingi. Kwa uzito, robo ya mrututu ni shaba. Kilichobaki ni salfeti na maji yaliyojifunga ndani ya chembe.

Dawa hii inafanya kazi, na hilo halina ubishi. Shida ni mahali inapoingia. Chukua boma la kawaida kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro au Meru, au ng'ambo ya mpaka huko Kiambu na Nyeri. Kuna ng'ombe wawili wa maziwa wanaofugwa ndani, kondoo wawili watatu wanaonenepeshwa wakisubiri Desemba watoto warudi kutoka mjini, kuku, migomba, na wajukuu ambao wazazi wao wako Dar es Salaam au Nairobi. Mrututu ulionunuliwa kwa ajili ya mguu mmoja wa ng'ombe unaingia katikati ya wote hao, na kila mmoja mwili wake unaupokea kivyake.

Mguu wa ng'ombe

Ng'ombe anayefugwa ndani hatembei, hivyo kwato zake hazisuguliki. Zinarefuka, zinapinda na kuweka nyufa zinazoshika samadi. Ngozi iliyo kati ya kwato mbili ikikaa kwenye unyevu siku nyingi inalainika kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima, na hapo bakteria wanapata mlango. Ndipo kwato zinapooza na kutoa harufu kali, au vinapotokea vidonda vyekundu nyuma ya kisigino ambavyo ukivigusa tu ng'ombe anaruka. Vidonda hivyo vya kisigino vilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Italia mwaka 1974, na leo vinasumbua mashamba ya maziwa katika nchi nyingi.

Shaba huua bakteria na kuikaza ngozi. Mashamba makubwa hutengeneza josho la kwato, mfereji wenye urefu wa mita 3 hivi na kina cha sentimita 10 hadi 15, ambao ng'ombe wanaukanyaga wakitoka kukamuliwa. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 2 hadi 5. Kwa asilimia 5, hiyo ni kilo 5 za mrututu katika lita 100 za maji.

Mwenye ng'ombe wawili hahitaji lita 100. Ndoo ya lita 20 yenye asilimia 5 inahitaji kilo 1, na yenye asilimia 2 inahitaji gramu 400. Hizi hupimwa kwa mizani. Kiganja au kopo la kukisia halitoshi, kwa sababu dawa kali kupita kiasi huunguza ngozi ileile inayotakiwa kupona. Kwato zioshwe kwanza kwa maji matupu, kwani samadi huikamata shaba na kuiondolea nguvu. Josho likishageuka uji wa samadi, dawa imekwisha hata kama rangi ya bluu bado inaonekana.

Chombo nacho kina maana. Mrututu ukiwekwa kwenye ndoo ya bati hula chuma. Ukitaka kuona, tumbukiza msumari ndani ya maji yake: baada ya muda mfupi utavaa koti jekundu la shaba. Shaba hiyo imetoka kwenye dawa na kuhamia kwenye chuma, hivyo mfugaji anabaki na dawa dhaifu na ndoo iliyotoboka. Plastiki ndiyo inayofaa. Anayechanganya avae glavu, azuie unga usimrukie machoni, na afanyie kazi hiyo nje, mbali na jiko na vyombo vya maziwa.

Isitoshe, si kila ng'ombe anayechechemea ameoza kwato. Anaweza kuwa amechomwa na msumari, au kwato zimevimba kwa ndani kwa sababu ya kulishwa pumba nyingi kuliko majani. Akitokwa na udenda, akawa na malengelenge mdomoni na miguuni, na wenzake wakaanza dalili hizohizo, huo unaweza kuwa ugonjwa wa midomo na miguu. Unasababishwa na virusi, mrututu hauwezi kuutibu, na ofisa mifugo anapaswa kujulishwa siku hiyohiyo kabla haujavuka kwenda kwa majirani.

Ukweli usiouzwa dukani ni kwamba reki inayoondoa samadi kila siku, matandiko makavu na kisu cha kupunguza kwato mara mbili kwa mwaka humsaidia ng'ombe kuliko ndoo ya bluu inayorudiwa kila wiki.

Kondoo na ini lisiloachia

Sehemu hii ndiyo inayowakuta wafugaji wengi bila taarifa.

Shaba ni lishe. Bila shaba damu haitengenezwi sawasawa, manyoya hupauka na neva hudhoofu. Ng'ombe wa maziwa anahitaji takribani miligramu 10 za shaba katika kila kilo ya chakula kikavu. Akila kilo 12 kwa siku, hiyo ni miligramu 120 tu, kiasi kilichomo katika nusu gramu ya mrututu. Kilo 5 zinazomwagwa kwenye josho la lita 100 zina shaba ambayo ingemtosha ng'ombe huyo kwa zaidi ya miaka 25. Nyingi kati ya hizo huishia kwenye udongo wa boma.

Ng'ombe akizidishiwa kidogo, ini lake hutoa ziada kupitia nyongo. Ini la kondoo linaipokea shaba na kuilimbikiza, lakini uwezo wake wa kuitoa ni mdogo sana. Hata kwa binadamu wapo wachache wanaozaliwa na hitilafu inayofanana na hiyo. Ni wagonjwa wa Wilson, ugonjwa uliopewa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1912, nao hulazimika kutumia dawa maisha yao yote ili shaba isiwaharibu ini na ubongo. Kwa kondoo, hilo ndilo umbile lake.

Tofauti kati ya wanyama inaonekana vizuri katika sheria za Umoja wa Ulaya za mwaka 2018. Kilo ya chakula kamili cha kondoo hairuhusiwi kuwa na zaidi ya miligramu 15 za shaba. Ng'ombe anayecheua anaruhusiwa hadi 30. Watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya karibuni wanaruhusiwa hadi 150, mara kumi ya kondoo. Sababu ya nguruwe kupewa kiasi kikubwa hivyo ina historia yake. Mwaka 1955 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba nguruwe waliolishwa shaba nyingi walikua haraka, na viwanda vya vyakula vikaipenda njia hiyo. Ulaya imekuwa ikiibana kwa sababu shaba hutoka na kinyesi na kujazana mashambani, na kwa sababu imegundulika kwamba baadhi ya bakteria wanaoizoea shaba huwa sugu pia kwa dawa za antibayotiki.

Sasa rudi kwenye boma. Pumba za ng'ombe zilizobaki kwenye hori anamwagiwa kondoo, maana si vizuri kutupa. Jiwe la madini la ng'ombe linaning'inia mahali ambapo kondoo naye analifikia. Mfuko wa chakula cha nguruwe wa jirani unauzwa bei poa. Mbolea ya kuku wa nyama, ambayo baadhi ya wafugaji huichanganya kwenye malisho, inaweza kuwa na shaba iliyotoka kwenye chakula cha kuku hao. Josho la kwato limemwagwa chini ya migomba, na wiki mbili baadaye majani ya hapo yanakatwa. Kihamba chenye kahawa kimepuliziwa dawa ya shaba, matone yameangukia nyasi, na kondoo anafungwa humo kula. Hakuna kati ya hayo linalomwangusha siku hiyo.

Kinachofuata ni ukimya wa wiki, pengine miezi. Kondoo anakula, ananenepa, anapendeza. Shaba inajaa ini pole pole. Kisha linatokea jambo la kumshtua: mvua kubwa imemnyeshea, amesafirishwa, amekosa chakula siku mbili, mbwa wamemkimbiza. Ini linaachia shaba kwa mkupuo, inaingia kwenye damu, na chembe nyekundu zinapasuka. Kondoo anajitenga na kuacha kula, anahema haraka. Fizi na weupe wa macho vinakuwa vya njano. Mkojo unakuwa wa rangi ya chai iliyokolea au kahawia yenye wekundu. Wengi hufa ndani ya siku chache tangu dalili zionekane, na aliyepasuliwa hukutwa na figo zilizogeuka rangi ya kiza, kama chuma.

Hapo ndipo maneno yanapoanza kijijini. Kaumwa na nyoka. Kalishwa sumu. Jirani ana jicho baya. Uhusiano wa miaka mingi unaweza kuvunjika kwa sababu ya kondoo aliyekuwa akilishwa na mwenyewe, kwa nia njema, kila asubuhi.

Madaktari wa mifugo wana dawa zenye molibdeni zinazoikamata shaba mwilini, ila mnyama akishakuwa wa njano mara nyingi ni kuchelewa. Faida kubwa ya kumwita daktari wakati huo ni kuwaokoa waliobaki, ambao kwa macho wanaonekana wazima. Mbuzi huvumilia zaidi ya kondoo, jambo linalowapotosha wengi. Wanafungwa banda moja, wanakula hori moja, anakufa mmoja tu.

Lakini mbona wengine wanasema mifugo inakosa shaba?

Wanasema kweli. Mwaka 1937 huko Australia Magharibi mtaalamu wa mifugo Harold Bennetts alionyesha kwamba kondoo jike waliokosa shaba walizaa wana-kondoo wenye miguu ya nyuma iliyolegea, wasioweza kusimama sawasawa. Ugonjwa unaofanana na huo uliripotiwa kwa mbuzi na kondoo wa Kenya katika miaka ya 1960. Wakati mwingine shaba ipo kwenye malisho, ila udongo una molibdeni nyingi ambayo hujiunga na salfa tumboni na kuizuia shaba isitumike. Kwa hiyo mashamba mawili yanaweza kuwa na matatizo yanayopingana, moja shaba imezidi na jingine imepungua. Ndama mwenye manyoya yaliyopauka anaweza kuwa na upungufu wa shaba, na anaweza kuwa na minyoo tu. Kipimo cha damu au cha ini ndicho kinachotofautisha.

Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba makubwa wanaweza kukumbuka kondoo wakinyweshwa maji ya mrututu kama dawa ya minyoo. Ni kweli ilitumika hivyo, kabla dawa za kisasa hazijaja. Leo hakuna sababu ya kumnywesha mnyama mrututu kwa kukisia. Vivyo hivyo kwa mazoea ya kuutia kwenye birika la maji ili kuua ukoko wa kijani: birika hilohilo ndilo kondoo analonywea, na brashi inaondoa ukoko huo vizuri.

Kuwahi kwa kisu

Mnyama akionekana hatapona, desturi ya wengi ni kuwahi kumchinja asije akafa kibudu. Ni desturi yenye mantiki yake, maana kondoo ni fedha. Lakini kondoo mwenye macho ya njano na mkojo wa kahawia si kitoweo. Mkaguzi wa nyama akikuta mzoga wa njano namna hiyo hautapita, na katika boma ambako hakuna mkaguzi familia inalazimika kuwa mkaguzi wake yenyewe.

Kiungo kinachotia wasiwasi zaidi ni ini, kwa sababu ndilo ghala la shaba yote ile. Bahati mbaya ndilo linalotengwa kwa ajili ya mtoto na mama mjamzito, kwa kuwa wamefundishwa kliniki kwamba maini yanaongeza damu. Mafundisho hayo ni sahihi kwa mnyama mzima, isipokuwa mjamzito asile maini mara kwa mara kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Kwa kondoo huyu, ini na mzoga mzima vifukiwe, mbali na mbwa.

Kuhusu maziwa, wanafamilia wanaweza kutulia. Shaba anayokula ng'ombe huenda zaidi kwenye ini kuliko kwenye kiwele, na maziwa ya ng'ombe kwa asili yana shaba kidogo. La kuangalia ni matone ya josho yaliyorukia chuchu. Yanawasha, na yakiingia kwenye ndoo ya maziwa yanaweza kuyaharibu ladha. Kiwele kioshwe na kukaushwa kabla ya kukamua.

Chupa ya soda dirishani

Tuseme mrututu umebaki. Mfuko wa dukani umechanika, hivyo chembe zinamiminwa kwenye kopo la kahawa, na maji yaliyosalia yanatiwa kwenye chupa ya soda ya nusu lita na kuwekwa dirishani. Rangi yake inapendeza mno. Kwa mtoto wa miaka mitatu inafanana na juisi ya sherehe, na chembe zenyewe zinafanana na pipi zilizovunjwa.

Mwaka 1965 madaktari wa Delhi, India, ambako mrututu ulikuwa miongoni mwa sumu zilizoleta watu hospitali mara kwa mara, walichapisha maelezo ya kina ya wagonjwa hao. Waliwaona wakitapika, tumbo likiwauma na kutoa damu, na wengine baadaye wakageuka njano huku figo zikishindwa kazi. Anayeisoma orodha hiyo baada ya kumwona kondoo aliyekufa ataitambua. Chembe nyekundu kupasuka, unjano, mkojo mweusi, figo kuzimika: kinachomchukua kondoo miezi kinaweza kumtokea mtu aliyemeza kiasi kikubwa kwa saa au siku chache.

Dalili ya kwanza kwa mtoto ni kutapika, mara nyingi matapishi ya bluu au kijani, na kulalamika ladha ya chuma mdomoni. Baadhi ya wazazi wakiona ametapika hupumua, wakidhani sumu yote imetoka. Zamani hata madaktari walitumia mrututu kuwatapisha watu waliomeza sumu nyingine, wakaacha baada ya kuona kwamba dawa hiyo yenyewe iliwadhuru. Kutapika hakumaanishi imekwisha.

Mtoto aliyemeza asitapishwe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Asukutuliwe mdomo, afutwe mikono, apelekwe hospitali mara moja, na aliyempeleka abebe mfuko au chupa ili wahudumu wajue wanashughulika na nini. Kukaa nyumbani kusubiri kuona kama maziwa yatamsaidia ni kupoteza muda anaouhitaji. Ukiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha safari ya hospitali ianze hata kama mtoto ameacha kulia. Nguo iliyolowa ivuliwe na ngozi ioshwe.

Maji ya bluu yanakwenda wapi

Josho likichakaa, njia rahisi ni kulisukumia kwenye mfereji au mfongo unaopita kando ya boma. Huko chini kuna watu wanaochota maji. Kiwango cha mwisho cha shaba katika maji ya kunywa kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 2 kwa lita. Lita moja tu ya josho la asilimia 5 ina shaba ya kufikisha lita zaidi ya 6,000 za maji kwenye kikomo hicho.

Viumbe vya majini vinaumia mapema zaidi. Nguvu hiyo iliwahi kutumika makusudi: mifereji ya umwagiliaji ya Gezira nchini Sudan ilitiwa mrututu kuua konokono wanaoeneza kichocho, na wafugaji sehemu mbalimbali waliutumia kwenye malisho yenye maji dhidi ya konokono wa minyoo ya ini. Samaki nao walikuwa kwenye maji hayohayo.

Kwenye udongo shaba haiozi. Udongo wa mashamba ya zamani ya kahawa nchini Kenya umepimwa na kukutwa na shaba iliyorundikana kutokana na miaka mingi ya kupuliza. Ndiyo maana wataalamu hushauri kwanza kutengeneza josho dogo, kisha mabaki yake yachanganywe na samadi nyingi na kusambazwa kidogo kidogo kwenye eneo kubwa, si shina moja la mgomba kila mara, mbali na kisima, na kamwe si mahali kondoo anapolishwa au majani yake yanapokatwa.

Unaobaki ukiwa mkavu ukae kwenye mfuko wake wenye maandishi, ndani ya debe la plastiki lenye kifuniko, kwenye chumba kinachofungwa kwa kufuli, juu ya kimo cha mtoto aliyepanda kiti. Usiwekwe karibu na jiko. Mrututu ukipata joto hupoteza maji yake na kupauka hadi kuwa unga mweupe, usiotofautishika kwa haraka na chumvi ya mezani. Sumu yake haipungui kwa kupauka, na ukidondokewa na maji ubluu unarudi.